Ushahidi wa Bati

Jumatatu wakaniletea yote mawili,
moja likivutwa kwa kamba, jingine juu ya lori la matofali,
wakayaweka ubavu kwa ubavu kwenye karakana yangu, Katwe,
kama majeruhi waliopewa vitanda jirani
na hawasalimiani.

La buluu ni la Lwanyaga.
Jekundu, la Ayikoru.
Na nyuma ya magari ikafuata midomo.

Bodaboda mmoja aliyekuwa Garuga, kasimama juu ya kichuguu, aliapa:
"Lwanyaga kajitosa! Kona ile haina nafasi ya wawili."
Muuza rolekisi, ambaye hakwenda, akapasua yai akasema
mwanamke ndiye aliyeziba njia,
"alimwona kiooni, akamfungia kama duka siku ya watu wa kodi."
Wakabishana hadi chapati ikaungua.
Mmoja akapanga vifuniko vya soda juu ya boneti:
hiki yeye, hiki yule, hapa kona, hapa vumbi.
Akavigonganisha mara tisa
na mara zote tisa mkosaji akawa yule asiyempenda.

Mimi sikuwako. Jumapili ile nilikuwa kanisani, kisha usingizini.
Bati ndilo lililokuwako.

Nilipitisha kiganja mlangoni mwa jekundu.
Mkwaruzo unaanzia nyuma ya kitasa, unakimbilia mbele,
mwembamba kwanza, kisha mpana.
Aliyegonga alikuwa na kasi kuliko aliyegongwa.
Rangi ya buluu imelala juu ya nyekundu,
imeganda kama ukoko wa uji.
Haya, Lwanyaga, sema tena.

Nikajilaza chini ya gari na tochi mdomoni.
Tairodi imepinda.
Gurudumu, lilipopigwa, lilikuwa limeshageukia ndani,
linafunga mlango
wakati mguu wa mgeni umeshavuka kizingiti.
Haya, Ayikoru. Na wewe.

Nikatoka, nikanawa mikono kwa petroli, nikanyamaza.
Ukweli ulikuwa na nusu mbili
na kila nusu ilikuwa mteja wangu.

Jumanne asubuhi akaja Lwanyaga, shingo imefungwa kola ya sponji,
hawezi kugeuka, anageuka mwili mzima kama kabati.
Akaweka bahasha juu ya mtungi wa gesi.
"Fundi, kamati inakaa Alhamisi. Ukiunyoosha ule mlango kesho,
sitasahau."

Jioni akaja Ayikoru. Hakuleta bahasha.
"Mlango usiguswe," akasema. "Huo ndio mdomo wangu."
Akalizunguka gari lake taratibu, mkono juu ya paa,
kama anayepoza ng'ombe aliyeshtuka.
Alipofika upande wa pili sauti yake ikashuka:
"Na tairodi... utaibadilisha lini?"

Tukatazamana.
Mugoya, kijana wangu wa kazi, akaanza kupanga spana ambazo zimeshapangwa.

Kamati haikufika Katwe. Kamati ilipiga simu.
"Kwa kifupi tu, fundi, nani?"
Nikasema, njooni mshike kwa mikono yenu.
Nikasema, leteni na tochi.
Simu ikakatika, sijui ni mtandao, sijui ni mtu.

Ijumaa uamuzi ukatoka: ajali ya mchezo,
kila mmoja ajitengenezee.
Lwanyaga akasherehekea. Ayikoru akasherehekea.
Bahasha niliirudisha, pungufu ya bei ya rangi.

Basi nikashika nyundo, Mugoya akashika tako la chuma kwa ndani,
tukaanza.
Pigo la kwanza likafuta kasi.
La sita likafuta mahali kitasa kilipolia.
Kufikia la arobaini bati lilikuwa laini, limetulia,
halikumbuki hata jina la kona.

Nje, kando ya kikaango,
vifuniko vya soda viligongana
mara ya kumi.